KUMCHAGULIA MTOTO CHOMBO CHA BENDI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mkutano uliopita tuliagizwa, sisi watu watatu, tulitazame jambo la vyombo vya bendi vitakavyonunuliwa kwa mchango wa chama kwa ajili ya watoto wa shule, kisha tulete maneno yetu mbele yenu. Twashukuru kwa heshima hiyo, ijapokuwa yatubidi kusema mapema kwamba baadhi ya tutakayoyanena hayatawapendeza wote. Fedha iliyomo sandukuni imekatwa katika mishahara ya watu wenye karo za kulipa na wazee wa kutunza. Nao wapo wanachama waliokwisha kutuonyesha katika simu zao picha za vyombo vya shaba ving'aavyo kama dhahabu, vyombo ishirini kwa pamoja, kwa bei ambayo kwa kweli yashangaza. Bei hiyo ndiyo iliyotutia wasiwasi, na sababu yake mtaisikia.

Yafaa kwanza tuondoe neno moja njiani. Yuko aliyesema siku ile kwamba bendi ni kitu cha kigeni, na kwamba fedha hii ingefaa kununulia madaftari. Kwa habari ya madaftari hatubishani naye, kwa kuwa madaftari nayo yana haki yake. Lakini kwa habari ya ugeni, twamwomba akumbuke siwa. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate hupulizwa kwa njia ile ile ipulizwayo tromboni: mpulizaji hubana midomo, huitetemesha, na mtetemo ule huingia katika tundu na kukua hata ukatoka mwishoni ukiwa sauti kubwa. Baragumu ni vivyo hivyo. Na zumari iliyokuwa ikiliza arusi za pwani ni ndugu wa damu wa oboi ya Wazungu, maana zote mbili hulia kwa tete mbili zigonganazo. Hata bendi yenyewe si mgeni wa jana. Masultani wa Unguja walikuwa na bendi yao katika karne ya 19, yenye wapigaji Wagoa. Na yapata miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wameanza kuigeuza bendi ya Kizungu ikawa beni. Katika miaka ya 1920 Marini na Arinoti walishindana katika miji ya Tanganyika kwa gwaride, na sare, na vyeo vya kifalme, na miongoni mwa wakuu wao walikuwamo makarani, watu wa kalamu kama sisi. Basi asituambie mtu kwamba karani na tarumbeta hawajuani.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mtoto akiulizwa ataka chombo gani, aghalabu hujibu ngoma au tarumbeta, maana hivyo ndivyo alivyoviona vikitangulia katika gwaride. Mwalimu akiwapa wote watakacho, atakuwa na tarumbeta kumi na tano na ngoma kumi, wala hapana wa kushika sauti za chini. Nayo haitakuwa bendi bali kelele za stendi ya mabasi. Kwa upande wa pili, mtoto aliyelazimishwa chombo asichokipenda hukibeba miezi mitatu kwa adabu, mwezi wa nne hukiacha chini ya kitanda. Kwa hiyo kazi ya mchaguzi ni kuyatia matatu katika mizani moja: mapenzi ya mtoto, mwili wake, na haja ya bendi. Wazazi wengi huyapima mawili tu, nayo ni bei na urefu wa mtoto.

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndio usiodanganya. Mpulizaji wa tarumbeta hukandamiza kipulizio juu ya midomo, na midomo hutegemea meno ya mbele. Meno ya mbele ya ukubwani huota aghalabu kati ya umri wa miaka 6 na 9. Mtoto mwenye mapengo asipewe chombo cha shaba hata meno yasimame, maana atajifunza kuziba pengo kwa kupindisha mdomo, na mdomo uliozoea kupinda ni kazi ngumu kuunyosha. Ndiyo sababu nchi nyingi huanza bendi za shule mtoto afikapo miaka tisa, kumi au kumi na mmoja. Kabla ya hapo filimbi ya plastiki yatosha kabisa, ile ipulizwayo kwa kusimama wima. Bei yake ni ndogo, nayo humfundisha kusoma noti, kutawala pumzi, na kupanga vidole kwa namna inayofanana na ile atakayoikuta baadaye katika klarineti, filimbi kubwa na saksafoni. Wengine huidharau kwa kuwa ni ya plastiki. Sisi hatuidharau.

Klarineti ina matundu saba yafunikwayo kwa vidole vitupu, moja lake likiwa la kidole gumba. Kidole kikiacha upenyo mdogo kama unywele, chombo hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Basi mtoto mwenye vidole vyembamba mno na angoje mwaka mmoja, wala asikaripiwe kwa kosa lisilo lake. Tromboni nayo ina mahali saba pa kusukumia bomba lake, na mtoto wa miaka kumi hafikii mahali pa saba kwa mkono wake. Lakini hii si sababu ya kumnyima, kwa kuwa noti zidaizo mahali pale ni chache mno katika vitabu vya mwanzo, na mkono hukua upesi kuliko kitabu kinavyokwisha. Filimbi kubwa ya chuma hudai mikono ya kushika pembeni na pumzi nyingi, kwa maana hewa nyingine hupotea nje ya tundu. Wanaoanza huona kizunguzungu. Jaribio lake ni rahisi, na kila mzazi aweza kulifanya jioni ya leo: mpe mtoto chupa tupu ya soda, apulize juu ya mdomo wake. Aliyetoa mlio safi mara ya pili au ya tatu ana njia ya filimbi mdomoni mwake.

Hapa yatupasa kusimama kidogo juu ya neno moja la kale, lililoandikwa hata katika vitabu vya walimu wa bendi: kwamba mwenye midomo minene asipewe tarumbeta bali tuba, kwa kuwa kipulizio cha tarumbeta ni kidogo. Neno hili limewageuza watoto wengi mlangoni, na kwetu sisi huuma kuliko linavyowauma wengine, kwa sababu isiyohitaji kuelezwa mbele ya mkutano huu. Unene wa midomo si kipimo. Kipimo ni nguvu ya misuli iliyo pembeni mwa mdomo, namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, na kama mtoto aweza kuitetemesha midomo katikati bila kuvimbisha mashavu. Aliye na shaka na amtazame Louis Armstrong wa New Orleans, aliyezaliwa mwaka 1901, ambaye midomo yake ilikuwa kama yetu na tarumbeta yake ikabadilisha muziki wa dunia.

Na kwa kuwa tumemtaja, hadithi yake yafaa kwa jambo letu. Januari 1913, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alipelekwa katika nyumba ya kurudi watoto weusi watukutu, baada ya kupiga bastola barabarani usiku wa kuamkia mwaka mpya. Nyumba ile ilikuwa na bendi. Mwalimu hakumkabidhi korneti siku ya kwanza. Alimpa tari, akamwona ana mwendo mzuri wa kupiga, akampa ngoma, kisha honi ya sauti ya kati, kisha baragumu la kuamshia watoto asubuhi, na mwisho ndipo korneti. Vyombo vitano. Oktoba 1960 mtoto yule, akiwa mzee wa sifa, alifika Leopoldville huko Kongo, na watu wakamwinua juu kitini kama mfalme. Wazazi wanaodhani kwamba chombo cha kwanza ni ndoa isiyovunjika, na wanaokataa mtoto wao asipewe honi kwa kuwa jina lake halijulikani mtaani, wamkumbuke mwalimu yule na tari yake.

Tukiulizwa ni jamii gani ya vyombo iwafaayo watoto wetu kwanza, twajibu: shaba, na tutaeleza sababu. Korneti ina vali tatu, chemchemi tatu, na mabomba. Ikianguka ikabonyea, yuko fundi mjini awezaye kuinyoosha kwa kifimbo na nyundo ya mti. Klarineti ya mfumo ulio wa kawaida ina vibonyezo kumi na saba, na chini ya vingi kuna kizibio laini ambacho kikichakaa hewa hutoka na sauti hufa. Na fundi wa vizibio ni adimu. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, nayo haina huruma kwa vizibio wala kwa sindano ndogo za chuma. Shaba nayo hupata kutu ya kijani, lakini maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa, na tone la mafuta katika kila vali vyatosha kuitunza miaka mingi.

Iko sababu ya pili, nayo twaiona kubwa zaidi. Waingereza, katika bendi zao za shaba tupu, wana desturi ya kuandika karibu vyombo vyote kwa alama moja ya ufunguo wa juu, isipokuwa tromboni ya besi. Vyombo ni vikubwa na vidogo, na sauti zitokazo si moja, walakini noti iliyoandikwa mahali pamoja hupigwa kwa vali zile zile katika korneti, honi ya tena, baritoni, yufonia na tuba. Maana yake ni hii: mtoto aliyejifunza korneti mwaka mmoja, akionekana midomo yake yapenda kipulizio kikubwa, aweza kuhamia baritoni siku ya Jumatatu na siku ya Ijumaa akapiga wimbo. Hapotezi alichojifunza. Bendi kamili ya namna hiyo ina wapigaji wa shaba 25, nao hugawanyika hivi: korneti moja ndogo, korneti tisa za kawaida, flugeli moja, honi za tena tatu, baritoni mbili, yufonia mbili, tromboni tatu, na tuba nne. Hatusemi tuwe na zote. Twasema tu kwamba mtoto akichaguliwa vibaya katika jamii hii, kosa lake hurekebishwa bila fedha mpya.

Walakini pana mtego, na wanachama waliolelewa katika makanisa ya Kilutheri watatuelewa upesi. Bendi za tarumbeta za makanisa hayo zilifuata desturi ya Kijerumani, ambayo mpigaji wa tarumbeta ya si bemoli husoma noti kama isikikavyo katika kinanda. Bendi za polisi, za jeshi na za shule hufuata desturi nyingine: noti iliyoandikwa do hutoka si bemoli. Kijana aliyefundishwa kanisani akiketi katika bendi ya shule na kusoma karatasi iliyo mbele yake kama alivyozoea, atakuwa juu ya wenzake kwa sauti nzima moja, naye ataonekana hajui kitu hali ajua sana. Ni desturi mbili tu, wala hapana iliyo bora. Lakini mwalimu hana budi kutangaza siku ya kwanza afuata ipi, na mzazi anunuaye kitabu cha mazoezi aulize kabla ya kutoa fedha.

Katika shaba, korneti ni bora kuliko tarumbeta kwa mwenye mwili mdogo. Urefu wa bomba ni karibu sawa, yapata mita moja na nusu kasoro kidogo, bali korneti imekunjwa zaidi, hukaa karibu na kifua, na mkono hauchoki. Honi ya Kifaransa tumeiacha. Ni chombo kizuri kupita kiasi, lakini noti zake za juu zimesongamana hata mpigaji asiye na sikio kali hukusudia moja akapata jirani yake, na bei yake yaweza kula nusu ya sanduku letu.

Juu ya klarineti na saksafoni tutasema kwa uangalifu, maana tumegundua kwamba saksafoni ina wapenzi wengi katika mkutano huu. Adolphe Sax wa Ubelgiji aliipatia hati yake Paris mwaka 1846, na hapana shaka kwamba mtoto aipuliza mapema kuliko klarineti, kwa sababu vidole vya sauti za chini ndivyo vya sauti za juu. Klarineti sivyo: ukibonyeza kile cha nyuma kwa gumba, sauti haipandi oktavu moja bali yapanda ngazi kumi na mbili, na vidole vyabadilika majina yao. Lakini walimu wengi husema, nasi twakubali, kwamba aliyeshinda ugumu wa klarineti huipata saksafoni kwa wepesi, na aliyeanza na saksafoni huiona klarineti kuwa mlima. Zote mbili hulia kwa utete mmoja, nao ni gharama isiyokwisha. Utete huchongwa katika aina ya tete lililo maarufu kusini mwa Ufaransa; huuzwa kwa namba za ugumu, na anayeanza hupewa namba mbili au mbili na nusu. Hupasuka, huchakaa, huliwa na meno ya mtoto mwenye mawazo. Mzazi anayemchagulia mtoto klarineti na ahesabu kwamba sanduku la tete kumi litarudi mlangoni pake mara kwa mara kama karo.

Wamo pia waliosema kwamba klarineti ya kweli ni ya mti, nao wana haki ya kujivuna, kwa kuwa mti huo ni mpingo wetu. Klarineti na oboi zilizo bora duniani huchongwa katika kiini chake cheusi, kizito hata kikitiwa majini huzama. Mpingo wa Kilwa na Lindi umesafiri hadi karakana za Ulaya ukarudi kwetu kwa bei ambayo mkulima aliyeukata mti hangeitambua. Hukua polepole sana, na katika gogo moja sehemu ndogo tu ndiyo inayofaa kwa chombo, iliyobaki ina nyufa na mafundo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji katika wilaya ya Kilwa ilipata cheti cha FSC cha utunzaji, na tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kati ya mataifa imo chini ya mapatano ya CITES, ingawa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa viliondolewa katika masharti hayo mwishoni mwa mwaka 2019. Haya yote twayaheshimu. Lakini mti hupasuka ukipigwa na jua, ukisahauliwa garini, au ukipulizwa muda mrefu ungali mpya, na mtoto wa miaka kumi na mmoja husahau. Klarineti ya kwanza na iwe ya plastiki ngumu. Mpingo na umngoje afike kidato cha tatu.

Juu ya ngoma maneno machache. Si mahali pa kumtupa mtoto aliyeshindwa kupuliza. Mpiga ngoma akipotea, bendi yote hupotea pamoja naye, lakini mpiga honi akipotea wachache hujua. Aanze kwa fimbo mbili na ubao uliofunikwa kwa mpira, gharama yake si kitu, na majirani watatushukuru.

Tumefika mahali ambapo hatukutaka kupapita kimya. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Abeles na Porter, walichapisha uchunguzi wao: watu wazima walipoulizwa wangemchagulia mtoto chombo gani, kwa binti walielekea filimbi, fidla na klarineti, na kwa mwana walielekea ngoma, tromboni na tarumbeta. Huku kwetu haikuhitaji uchunguzi. Tulipowajaribu watoto wachache wa jirani kwa vipulizio vya kuazima, alikuwapo binti mmoja mwembamba ambaye kipulizio cha tuba, kilichowashinda kaka zake wawili, alikipuliza kikatoa sauti pana kama ya meli ikiingia bandarini. Baba yake alicheka, akasema, "Mpeni filimbi." Tulimwuliza kwa nini, hakuwa na jibu ila kwamba tuba si ya wasichana. Basi sisi twauliza mkutano huu: ikiwa chama kinamkata mama mfanyakazi mchango ule ule kinaomkata baba, kwa sheria gani binti yake ataandikiwa filimbi kabla hajajaribiwa? Twaomba neno hili liingizwe katika kumbukumbu za mkutano, kwamba hapana chombo kitakachogawiwa kwa kutazama kanzu au gauni.

Sasa zile picha za simuni. Chombo kipya cha bei ya chini mno kina kasoro moja isiyoonekana katika picha: chuma chake ni laini. Vibonyezo hupinda kwa nguvu ya kidole, maungo yaliyounganishwa kwa risasi huachana, vali hukwama hata zikitiwa mafuta, na akipelekewa fundi hukitazama na kukirudisha, kwa kuwa vipuri vyake haviuzwi popote. Mtoto hajui kwamba chombo ni kibovu. Hudhani yeye ndiye mbovu, na hapo ndipo tunapompoteza. Twaona heri chombo kilichotumika, cha mtengenezaji anayejulikana, kilichokaguliwa na mtu ajuaye. Ukaguzi wenyewe si wa siri. Bonyeza kila vali uiachie ghafula: yapasa irudi mara moja bila kusita. Vuta kila bomba la kulinganishia: lisogee, lisitikisike. Katika klarineti, funga matundu ya kipande kimoja kwa vidole na kuziba mwisho wake kwa kiganja, kisha vuta pumzi: hewa ikiingia, vizibio vimechoka.

Na iwapo ndugu zetu walio Uingereza watatuletea vyombo vya msaada kutoka bendi za zamani, tuvipokee kwa shukrani na kuvipima kabla ya kuvigawa. Zamani bendi za Uingereza zilikuwa na sauti ya juu, noti ya la ikiwa na mitetemo yapata 452 kwa sekunde. Mkutano wa mataifa uliofanyika London mwaka 1939 uliafikiana kuwa iwe 440, lakini bendi za shaba za huko zilishika ile ya juu hata miaka ya 1960. Chombo cha namna hiyo chaweza kuwa kizima kabisa, king'ae kama kipya, na bado kisipatane na wenzake, kwa kuwa kimepanda karibu robo ya sauti nzima. Simu hizo hizo zilizotuonyesha picha zina programu za kupima mitetemo, zitumike. Chombo cha shaba cha sauti ya juu fundi aweza kukirefusha mabomba. Klarineti ya sauti ya juu haina dawa.

Neno la afya. Kila mtoto na awe na kipulizio chake mwenyewe, hata kama chombo wanashirikiana wawili. Kipulizio cha shaba huoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Cha klarineti, kilicho cha mpira mgumu, kwa maji ya uvuguvugu tu, maana ya moto hukiharibu. Utete haushirikiwi kamwe. Sisi sote twajua kifua kikuu ni nini, na hatutaki kukipeleka shuleni ndani ya sanduku la bendi.

Kwa hayo yote, pendekezo letu ni hili. Badala ya vyombo ishirini ving'aavyo, tununue kumi na vinne vilivyotumika na kukaguliwa: korneti sita, honi za tena tatu, baritoni mbili, tromboni mbili, na tuba moja ya mi bemoli, ambayo ni ndogo kuliko ile ya si bemoli na mtoto aweza kuipakata. Tuongeze ngoma moja ndogo, ngoma moja kubwa na toazi jozi moja. Klarineti nne za plastiki zingoje mwaka wa pili. Sehemu moja katika tano ya fedha isiguswe, iwekwe kwa mafuta, mifuko ya kubebea, vipulizio vya ziada na ujira wa fundi. Liwepo daftari, chombo kwa namba yake, jina la mtoto, sahihi ya mzazi, na tarehe ya kurudisha. Jambo ambalo katika chama cha makarani hatukudhani lahitaji kutetewa, lakini yuko aliyetuuliza la nini. Hesabu yote ameandikiwa Bwana Katibu, na atakayeipinga aisome kwanza.

Kabla ya chombo chochote kuagizwa, watoto waje hapa Jumamosi saa nne asubuhi, wakiwa wamekula. Mezani patakuwa na vipulizio vitatu vya ukubwa mbalimbali, kichwa cha filimbi, kipulizio cha klarineti chenye utete mpya kwa kila mtoto, na beseni la maji. Kila mtoto atajaribu vyote, kisha ataandika katika karatasi viwili avipendavyo, wala si kimoja, ili mwalimu apate nafasi ya kulinganisha bendi. Wazazi wanakaribishwa, lakini twawaomba wakae nje barazani hata zoezi liishe, chai itakuwapo.